Mashine ya mpunga haisagi unga

Nimepotea kidogo. Majaribio yalifuatana na boom nalo likachelewa, hata hela ya bando ilikuwa ya kuungaunga.

Likizo iliyopita nikiwa nyumbani Ubaruku nilipita kwenye shule ninayotarajia kwenda fildi. Wana kompyuta sita, za zamani. Mkuu wa shule akaniambia, "Kijana wangu, wewe ndiye msomi, tuwekee programu moja yenye kila kitu tusihangaike." Nikajibu "sawa Mwalimu" kwa heshima, moyoni nikakataa. Nimekaa na jambo hili wiki tatu, nikaamua kurudi kwenye historia.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, furushi zima la kazi za ofisini kwa Kiswahili: barua, majedwali na mengineyo, tena bure. Kwangu ile ni kazi kubwa, maana ilibidi watafute maneno ya vitu ambavyo Kiswahili hakikuwa kimevipa jina. Ila ilikuwa ofisi. Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili, atachapa jina lake kwa rangi nne, lakini hatajua kwa nini pembe za pembetatu zinajumlika nyuzi 180. Fildi ya mwaka jana, shule nyingine, tuliweka furushi la namna hiyo na ndicho kilichotokea, rangi nne kabisa!

Kwa jiometri kuna GeoGebra, aliyoianza Markus Hohenwarter mwaka 2001 akiwa chuoni Salzburg, Austria. Unavuta kona ya pembetatu, pembe zinabadilika hapohapo, jumla haibadiliki. Kipindi kizima kimeshapatikana hapo.

Lakini kilichonishika zaidi ni cha Tanga. Shindano la Global Learning XPRIZE lilianzishwa mwaka 2014 kutafuta programu ambayo mtoto ataitumia kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Basi. Kuanzia mwishoni mwa 2017 watoto kama 2,700 wa vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi vya kuchaji kwa sola, vyenye programu tano za fainali kwa Kiswahili. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga darasa. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, baada ya miezi 15 idadi hiyo ikapungua kwa nusu. Mei 2019 Kitkit School na onebillion wakatoka sare, wakagawana dola milioni 10.

Mtu atasema, mbona hizo zinafundisha mambo matatu? Kweli, ila zote ni za mtoto yuleyule anayeanza, hazina barua ya mkurugenzi ndani yake.

Kwetu Ubaruku kila mtu anajua: mpunga unaupeleka mashine ya kukoboa, mahindi mashine ya kusaga. Hakuna anayelalamika kuwa ni mashine mbili.

Shida ninayoikubali ni kwamba programu nyingi zinataka walimu wengi wa kuzijua, na pale anayejua kuwasha zile kompyuta ni mmoja. Kwa hiyo nimemwandikia Mkuu naomba tuanze na GeoGebra peke yake, hesabu kidato cha pili, nami nitawafundisha walimu wawili jioni. Hajajibu bado. Ngoja niwahi semina, ni saa nane hii.