Mavuno ya Mvinyo Katika Nchi ya Migomba

Habari za mavuno ya zabibu huwafikia wanafunzi wetu kwa njia ya vitabu. Huko Ulaya zabibu huiva mara moja kwa mwaka, aghalabu kati ya Agosti na Oktoba, na katika majuma hayo machache mtengeneza mvinyo hana usingizi. Hutazama mawingu, huonja tunda asubuhi na jioni, kwa maana mvua ikinyesha siku isiyotakiwa yaweza kumwharibia kazi ya mwaka mzima. Mwalimu wa Kiswahili aliye Kigali, akiulizwa na wanafunzi wake kwamba msimu huo kwao Rwanda ni upi, hana budi kuwapeleka kwenye migomba.

Maneno yenyewe yanatuonyesha ya kuwa zabibu ni mgeni kwetu. "Zabibu" latokana na Kiarabu, ambako hasa ni tunda lililokaushwa. "Mvinyo" ni la Wareno. Na "divai" ni la Wafaransa. Kinyarwanda nacho husema divayi. Februari 1900 Mapadri Weupe, wakiongozwa na Askofu Jean-Joseph Hirth, walianzisha misheni yao ya kwanza nchini Rwanda mahali paitwapo Save. Sheria ya Kanisa lao haikuwaruhusu kuadhimisha misa kwa kinywaji kingine chochote isipokuwa divai ya zabibu. Basi divai ikaingia ikiwa kitu cha altare, wakati vilima vyote vilivyowazunguka vilikuwa na kinywaji chao.

Kinywaji hicho ni urwagwa. Je, tukiite pombe au mvinyo? Chupa ziuzwazo siku hizi katika maduka ya Kigali huandikwa mvinyo wa ndizi, na nadhani waandishi wa vibandiko hivyo hawakukosea sana, kwani asili yake ni maji ya tunda yaliyochachuka. Lakini mtama hutiwa ndani yake, na mtama ni wa ukoo wa pombe. Mimi ningeuacha mjadala huo kwa wanafunzi wa darasa la juu. Utawafaa kuliko mazoezi mengi ya msamiati.

Mgomba hauna msimu mmoja. Hutoa mikungu mwaka mzima, huu leo, ule mwezi ujao. Kwa hiyo mtengenezaji wa urwagwa hangoji majira yamjie, huyaumba mwenyewe ardhini. Hukata mikungu iliyokomaa ingali mibichi, ya aina ya migomba ya pombe, ambayo ndizi zake hazipendezi kupikwa. Huchimba shimo, ambalo Wanyarwanda huliita urwina, akalipasha joto kwa moto, akalitandika majani makavu ya mgomba, akapanga mikungu, kisha akafunika kwa majani na udongo. Siku tatu hadi tano baadaye, kwa kadiri ya joto na baridi ya kilima, hufukua.

Hapo ndipo penye wasiwasi wote ambao mwenzake wa Ulaya huuona shambani. Ndizi ambazo hazijaiva sawasawa hazitoi maji; zilizopita kiasi huwa rojo, nazo maji yake hayachujiki. Hakuna chombo cha kupimia isipokuwa vidole, pua na mazoea. Zikiwa zimefaa, humenywa na kutiwa katika umuvure, hori refu lililochongwa kwa gogo, zikakandwa pamoja na majani makali yaitwayo ishinge. Majani hayo ndiyo siri ya kazi, kwa kuwa hushika nyama ya ndizi na kuyaachia maji yatoke safi. Maji hayo matamu huitwa umutobe, na watoto huyanywa. Yakiongezwa maji kidogo na unga wa mtama uliokaangwa, yakafunikwa mahali penye joto, baada ya siku moja hadi tatu huwa urwagwa. Halidumu siku nyingi. Divai yaweza kuwekwa ghalani ikamngoja mnywaji. Urwagwa humtaka mnywaji aje upesi.

Kwa sababu hiyo mavuno ya ndizi huhesabiwa kinyumenyume. Arusi ikiwa Jumamosi, maji yakamuliwe Jumatano au Alhamisi, na shimo lifunikwe mwishoni mwa juma lililotangulia. Kalenda yake ni kalenda ya watu: mahari, mazishi, shukrani kwa jirani aliyesaidia kulima. Kibuyu kimoja na mirija kadhaa vilitosha kuthibitisha mapatano yasiyoandikwa popote.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba Rwanda ya kale haikuwa na sikukuu ya mavuno. Ilikuwa nayo, tena kubwa, ila ilikuwa ya nafaka. Umuganura ulikuwa ibada ya malimbuko ya mtama na ulezi, iliyotunzwa na wenye siri wa ukoo wa Abatsobe huko Bumbogo. Kabla mfalme hajaonja nafaka mpya, mwaka ulikuwa haujakamilika. Mwaka 1925 Wabelgiji waliivunja ibada hiyo na kumhamishia Burundi mkuu wake, Gashamura. Miaka 6 baadaye, mwaka 1931, walimwondoa mfalme mwenyewe, Yuhi Musinga. Ni vigumu kulitenga tendo la kwanza na la pili, maana aliyenyang'anywa mavuno alikuwa amekwisha kunyang'anywa sehemu ya ufalme. Sikukuu ilirudishwa kitaifa mwaka 2011, na sasa huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Mgomba, ambao haukuwa na siku yake rasmi, haukuwa na kitu cha kupigwa marufuku namna hiyo.

Umepatwa na mengine. Mwaka 1957 kampuni ya Bralirwa iliundwa, na kiwanda chake cha bia kikajengwa Gisenyi. Tangu hapo chupa ikaanza kushindana na kibuyu. Mwaka 2005 ugonjwa wa mnyauko wa bakteria uligunduliwa katika migomba ya nchi. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, nazo zikipasuliwa huonekana zimeoza ndani. Wadudu huusambaza kwa kutua juu ya ua, na migomba ya pombe huambukizwa kwa wepesi kupita mingine. Wakulima wakafundishwa kuling'oa ua kwa kijiti chenye panda bila kutumia kisu, na kuchoma kisu motoni kabla ya kuhamia mgomba wa pili.

Inafaa hapa kuitazama Dodoma, ambako wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu huko Bihawana katika miaka ya 1950. Katika nchi ya joto mzabibu haulali kama Ulaya wakati wa baridi. Mkulima huupogoa, na baada ya miezi minne hivi huvuna. Hivyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Mvunaji wa huko hupanga mavuno kwa makasi, wa Rwanda kwa jembe la kuchimbia shimo.

Kigali imekua sana tangu Richard Kandt alipoianzisha mwaka 1907, na nyumba zimepanda juu ya vilima vilivyokuwa mashamba. Viwanja vya leo havina nafasi ya urwina. Ndizi huletwa kwa malori, na viwanda vidogo huzikamua kwa mashine na kutia chupani kinywaji kinachokaa miezi. Lakini pembezoni mwa Gasabo, palipobakia migomba, bado wapo wazee wanaoweza kuweka kiganja juu ya udongo wa shimo na kusema kama lifukuliwe leo au kesho.