Kutoka Dungu hadi Dampo: Ndege wa Vitongoji vya Dar es Salaam

Maji yanapokupwa Kunduchi mwezi wa Novemba, tope lililo mbele ya mikoko hujaa ndege wadogo wanaokimbia huku na huko, midomo chini, wakidonoa. Wavuvi huwaita vitwitwi. Yule mkubwa mwenye mdomo uliopinda ni sululu. Miezi mitano nyuma wengi wao walikuwa Siberia, wakilea makinda katika nchi ambayo jua la wakati huo halitui kabisa. Sasa wamejaa kando ya mabwawa ya chumvi, na hapo watakaa mpaka karibu na Aprili.

Mtu akisimama ukingoni na darubini kuwatazama, wapita njia humdhania mtalii, au mpima viwanja. Lakini kutazama ndege hakukuja na darubini. Katika maeneo ambayo leo yanaitwa Kinondoni na Temeke, kutazama ndege kulikuwa kazi ya kila siku, yenye vifaa vyake na majira yake, na Kiswahili kiliipa kitenzi chake chenyewe: kuamia.

Kuamia ni kulinda nafaka isiliwe na ndege. Wazaramo walilima mpunga katika mabonde yanayozunguka Dar es Salaam, na mpunga ukianza kutia maziwa, katikati ya shamba husimamishwa dungu, yaani kichanja cha miti chenye ngazi na paa dogo la makuti. Mlinzi, mara nyingi mtoto, hupanda kabla ya jua kuchomoza akiwa na kombeo na rundo la mabonge ya udongo. Kamba hufungwa kutoka dunguni hadi kwenye makopo yaliyotundikwa pembe za shamba. Ukiivuta, shamba zima linalia. Mchana wa jua kali ndege hupumzika na mlinzi hupata nafuu. Alasiri vita huanza upya mpaka magharibi.

Aliyekaa dunguni msimu mzima alijifunza mambo ambayo mtaalamu huyafuata kwa miaka. Masika yalipoanza aliona kwera dume wakigeuka njano iliyokolea, wakichana majani ya minazi vipande vyembamba na kusuka viota vinavyoning'inia. Aliona ndege mwingine, ambaye miezi ya kiangazi hufanana na shomoro wa kawaida, akivaa wekundu na weusi na kuruka juu ya nyasi kama kaa la moto. Alijua kwamba kundi la chiriku likitua kimya lina hatari kuliko linalopiga kelele. Na alimjua dudumizi, anayejificha kichakani na kutoa sauti kama maji yanayomiminika kutoka kwenye mtungi. Wakulima wa pwani walimsikiliza kwa makini, kwa kuwa kilio chake kilihesabiwa kuwa habari ya mvua.

Majina hayo hayakutungwa na wataalamu wa makumbusho. Padri Charles Sacleux, Mfaransa aliyeishi miaka mingi Zanzibar na Bagamoyo, aliyakuta midomoni mwa watu na kuyaandika katika kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kutolewa Paris mwaka 1939. Wajerumani nao walikuwa wametangulia kwa njia nyingine. Daktari Gustav Fischer alifika pwani hii katika miaka ya 1870 akikusanya ndege na kuwapeleka Ulaya, na jina lake limebaki kwa shorobo mmoja wa pwani na kwa kasuku mdogo wa kaskazini mwa Tanzania. Huko Berlin, Anton Reichenow alitoa kati ya 1900 na 1905 kitabu cha juzuu tatu kuhusu ndege wa Afrika. Ni kazi kubwa, isiyopaswa kubezwa. Hata hivyo, mtoto wa dunguni alijua jambo ambalo ngozi iliyokaushwa haiwezi kulisema: ndege huyu huja lini, huondoka lini, na akija anafuatana na nani.

Bahari nayo ilikuwa na kalenda yake. Kaskazi ikivuma, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, majahazi yalishuka kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, yalipandisha tanga kurudi kwao. Ndege wa pwani hufuata karibu ratiba hiyohiyo. Yuko mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene wa kupasulia kaa, ambaye huzaa katika visiwa vya Ghuba na pwani za Uarabuni, Oman ikiwemo. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu jeupe. Akimaliza kulea, huja kukaa kwenye mafungu ya mchanga ya Afrika Mashariki. Majahazi ya Suri, bandari ya Oman, yamekoma kuja kama zamani, lakini yeye bado anakuja.

Kuna msafiri mwingine anayestahili kusimuliwa. Kipanga wa Amur, aliyeitwa kwa jina la mto unaotenganisha Urusi na China, huzaa huko mashariki ya mbali ya Asia. Novemba hukusanyika kwa malaki kaskazini-mashariki mwa India, hasa Nagaland, kisha huvuka Bara Hindi na kuikata Bahari ya Hindi bila kutua, safari ya zaidi ya kilomita 3,000 juu ya maji, upepo wa kaskazini-mashariki ukimsukuma. Mwaka 2013 huko Nagaland wanasayansi waliwafunga baadhi ya vipanga hao vifaa vya setilaiti wakaiona njia hiyo waziwazi. Ni njia ileile ya nahodha, na upepo ni uleule. Anatua Afrika Mashariki wakati mvua za vuli zimewatoa kumbikumbi ardhini. Mkazi wa Mbagala au Mbezi anayeona kundi la vipanga wembamba wakizunguka angani baada ya mvua huenda anawatazama wageni waliotoka mashariki ya mbali ya Asia.

Sasa tuje kwa kunguru.

Karibu na mwaka 1891, Zanzibar ikiwa imeingia tu chini ya himaya ya Uingereza, kunguru wa Bara Hindi waliletwa Unguja kwa meli ili wale taka za mji. Kazi hiyo waliifanya. Lakini walifanya pia ambayo hawakutumwa: kula mayai, kula makinda, kunyakua vifaranga uani. Kufikia 1917 serikali ya Zanzibar ilikuwa imekwisha kumtangaza kunguru huyo kuwa mharibifu na kutoa malipo kwa waliopeleka mayai na makinda yake. Lakini wakati wa kumzuia ulikuwa umekwisha kupita. Mwaka 1947 alirekodiwa Mombasa, na bara upande wa Tanganyika alikuta mji wa kumfaa. Watu wa Dar es Salaam wakamwita kunguru wa Zanzibar.

Mji huo ulikuwa unapanuka kwa kasi. Sensa ya 1967 ilihesabu watu zaidi ya 270,000 Dar es Salaam. Ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Magomeni, Kinondoni na Temeke, vilivyopimwa kuwa vitongoji vya Waafrika wakati wa Waingereza, vilizungukwa na mitaa mipya mpaka madungu ya mabondeni yakang'olewa mojamoja. Taka ziliongezeka kuliko magari ya kuzizoa. Mwaka 1991 wakazi wa Kunduchi Mtongani, wakiongozwa na Festo Balegele, waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa kutupa taka karibu na makazi yao, na Mahakama Kuu ikaamua upande wao. Ni kesi inayosomwa mpaka leo na wanafunzi wa sheria ya mazingira. Dampo likahamia Vingunguti, kisha Mtoni katika Temeke, kisha Pugu Kinyamwezi. Penye dampo, kunguru hawakosekani.

Methali ya wahenga husema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Kunguru aliyekusudiwa hapo ni yule wa asili, mnene, mweusi mwenye kifua na shingo nyeupe. Huyu mgeni ana shingo ya kijivu na umbo jembamba, na woga si tabia yake. Hunyakua andazi mkononi mwa mtoto wa shule. Hujenga kiota kwa vipande vya waya na kukiweka juu ya nguzo ya umeme. Wenye kuku Manzese na Tandika walijifunza kuwafunika vifaranga kwa tenga saa za mchana. Kunguru wa asili alisukumwa nje ya mitaa mingi, na ndege wadogo wa bustanini, shorewanda na chozi, wakawa wanataga mayai yanayoliwa kabla ya kuanguliwa. Hasara hiyo haionekani kwa macho, inasikika. Alfajiri ya vitongoji iliyokuwa na sauti nyingi imebaki na sauti moja kuu.

Chama cha Uhifadhi wa Wanyamapori Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1988, kilisimamia mitego ya vizimba vya waya: kunguru huingia kwa juu kumfuata mwenzake na chambo, asipate njia ya kutokea. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Wizara ya Maliasili na Utalii iliongeza sumu iitwayo DRC-1339, iliyobuniwa Marekani dhidi ya ndege waharibifu wa mifugo na mazao. Humuua ndege polepole kwa kuharibu figo. Kunguru walipungua sana, na kwa muda wakazi wakashangaa kuwasikia tena ndege waliowasahau. Kampeni ilipolegea, kunguru waliongezeka upya. Mwaka 2024 Kenya nayo ilitangaza kuwaangamiza kunguru milioni moja katika pwani yake. Sumu peke yake haitatosha popote. Kunguru aliletwa kwa ajili ya taka, na taka ndizo zinazomweka. Jiji lisilozoa taka zake litaendelea kumlisha huku likimuua.

Hayo yasimfanye mtu adhani kwamba hakuna kilichobaki. Mikocheni, mahali palipopewa jina kwa mikoche yake, bado pana mitende na minazi ambayo ndege wanaofanana na mbayuwayu hugandisha viota vyao chini ya majani kwa mate. Mabwawa ya majitaka ya Chuo Kikuu yana bata na vitwitwi. Pugu bado ina hondohondo. Katika matete ya Bonde la Msimbazi, masika yakikolea, yule ndege mwekundu na mweusi huruka kama alivyoruka mbele ya dungu. Bonde hilo lilifurika vibaya Desemba 2011, watu zaidi ya 40 wakafa, na baadhi ya waathirika wakahamishiwa Mabwepande. Sasa upo mradi mkubwa wa kulidhibiti bonde na kuweka bustani ya jiji pale Jangwani. Wanaolichora bonde hilo wayaachie matete nafasi yake, maana nyasi fupi za mapambo hazimlei kwera wala dudumizi.

Na jambo moja haliwezi kusubiri mradi. Waliokaa dunguni wakiwa watoto, Mbagala, Yombo au Mbweni, ni wazee sasa. Wanayo majina ya ndege, na wanajua kila mmoja alikuja na mvua ipi na kuondoka na upepo upi. Msomaji mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani amkalishe barazani, amuulize, aandike jina na mwezi.