Nili au zambarau?

Mliuliza kwa nini chumba changu hapa Nizwa nimekipaka zambarau na si buluu ya nili, maana taa ikiwaka zinafanana kama pacha.

Zambarau ina kisa kifupi. Mwaka 1856 William Perkin, kijana wa miaka 18 tu, alikuwa London akijaribu kutengeneza kwinini ya malaria, akaambulia rangi. (Sisi wauguzi tungependa zaidi kwinini, hehe!)

Nili ndiyo yenye mambo. Bahla, jirani yetu hapa, mafundi walikuwa wakitia nguo nili ya majani, na mwenye nyumba wangu anaisifu kwa fahari. Mimi nikiiona naikumbuka kaniki. Unguja ile ilikuwa nguo ya watumwa na maskini. Mwaka 1897 Wajerumani wa BASF walianza kuuza nili ya kiwandani, na mwaka huohuo, Aprili, Sultani Hamoud akatia saini amri ya kuondoa utumwa Unguja. Wanawake waliopata uhuru wakaanza kuiacha kaniki, wakajifunga kanga, tena zenye rangi za kuonekana kutoka mbali.