Mbio za farasi: Nasaba ndiyo kinga ya kwanza dhidi ya udanganyifu

KATIKA mbio za farasi aina ya thorobredi, swali la nani ameshinda hutanguliwa na swali jingine: farasi huyu ni nani? Umri wake, baba yake, mama yake na kilichomo katika damu yake siku ya shindano ndivyo vinavyoamua iwapo ushindi utahesabiwa au utafutwa. Kashfa kubwa zilizoutikisa mchezo huo zilianza pale jibu la swali hilo lilipokuwa la uongo.

Suala la nasaba ya farasi si geni kisiwani Unguja. Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Zanzibar katika miaka ya 1830, alifuga farasi wa Kiarabu katika kasri la Mtoni, kaskazini mwa Mji Mkongwe. Binti yake, Sayyida Salme, aliyezaliwa hapo mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi watoto wa Sultani walivyofunzwa kupanda farasi tangu wakiwa wadogo. Mwaka 1840 merikebu ya Sultana, ikiwa na mjumbe Ahmad bin Naaman, ilitia nanga New York na zawadi kwa Rais Martin Van Buren wa Marekani, wakiwamo farasi wawili wa Kiarabu.

Kwa Waarabu wa jangwani, thamani ya farasi ilitokana na ukoo wake, na ukoo huo ulifuatwa kwa upande wa mama. Koo mashuhuri, kama vile Kuhaylan na Saqlawi, zilirithiwa kutoka kwa jike kwenda kwa watoto wake. Ushahidi ulikuwa kauli na kiapo cha watu waliomjua mnyama huyo na mama yake.

Daftari lililofungwa

Thorobredi ni tunda la damu hiyo hiyo. Kati ya mwisho wa karne ya 17 na nusu ya kwanza ya karne ya 18, madume matatu kutoka nchi za Mashariki yalifikishwa Uingereza na kupandishwa kwa majike yaliyokuwa huko. Madume hayo ni Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Kwa upande wa baba, thorobredi wote wa leo wanatokana na mmoja kati ya hao watatu.

Mwaka 1791 James Weatherby alichapisha Uingereza toleo la utangulizi la daftari la nasaba, lijulikanalo kama General Stud Book. Kuanzia hapo kiapo kikaipisha karatasi. Kanuni ya msingi ni kwamba mtoto wa farasi husajiliwa tu iwapo wazazi wake wote wawili wamo katika daftari linalotambuliwa.

Kanuni ya pili ni kali zaidi. Dume na jike lazima wakutanishwe kwa njia ya asili. Uhimilishaji, uhamishaji wa kiinitete na kloni vimepigwa marufuku, ingawa uhimilishaji ni jambo la kawaida kwa ng'ombe na kwa aina nyingine za farasi. Mtoto aliyepatikana kwa njia hizo, hata kama wazazi wake ni mabingwa, hasajiliwi kuwa thorobredi. Nchini Australia mfugaji mmoja aliipinga kanuni hiyo mahakamani, lakini mwaka 2012 Mahakama ya Shirikisho ilitupilia mbali madai yake.

Watetezi wa kanuni hiyo wanasema inapunguza shaka juu ya baba halisi na inaweka kikomo kwa idadi ya watoto wa dume mmoja. Wakosoaji wanaona kwamba inalinda pia masilahi ya wamiliki wa madume ghali, kwa kuwa kila jike hulipiwa ada kubwa ili apandishwe.

Farasi wa bandia

Umuhimu wa daftari ulidhihirika mwaka 1844 katika Derby ya Epsom, shindano la farasi wenye umri wa miaka mitatu. Aliyefika wa kwanza aliandikishwa kwa jina la Running Rein. Kesi iliyofuata ilibaini kuwa alikuwa Maccabeus, farasi wa miaka minne. Mwaka mmoja wa ziada katika umri huo ni faida kubwa ya misuli na mifupa. Jaji alipoagiza farasi mwenyewe aletwe akaguliwe, hakuweza kupatikana. Ushindi ukapewa Orlando aliyekuwa wa pili.

Hila kama hiyo ilijaribiwa tena Brisbane, Australia, mwezi Agosti 1984. Farasi dhaifu aliyeitwa Fine Cotton alibadilishwa kwa siri na Bold Personality, aliyekuwa na kasi kubwa zaidi, na rangi ikatumiwa kumfananisha naye. Fedha nyingi zilizowekwa ghafla kwa farasi asiyetarajiwa kushinda ziliamsha shaka, na rangi yenyewe ikaanza kuwasaliti waliopanga njama hiyo. Ushindi ulifutwa siku hiyo hiyo.

Leo hila ya namna hiyo ni ngumu zaidi. Unywele wa kitoto cha farasi hupimwa vinasaba na kulinganishwa na vya wazazi wake, kifaa kidogo cha kielektroniki huwekwa shingoni, na alama za mwili huandikwa katika pasipoti yake.

Dawa badala ya rangi

Utambulisho ulipodhibitiwa, shaka ilihamia kwenye maabara. Mwezi Aprili 2013 mamlaka ya mbio za farasi Uingereza ilimfungia miaka minane mkufunzi Mahmood Al Zarooni wa kambi ya Godolphin, inayomilikiwa na mtawala wa Dubai, baada ya dawa za kujenga misuli kugunduliwa kwa farasi aliokuwa akiwafundisha. Kambi hiyo ina jina la mmoja wa madume watatu wa asili.

Mwezi Februari 2020 farasi Maximum Security alifika wa kwanza katika Kombe la Saudia mjini Riyadh, shindano lenye zawadi ya jumla ya dola milioni 20. Siku chache baadaye mkufunzi wake, Jason Servis, alishitakiwa Marekani kwa kuwapa farasi dawa zilizopigwa marufuku. Alikiri makosa mwaka 2022 na mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka minne. Madhara ya dawa hizo hayaishii kwenye fedha, kwani farasi asiyesikia maumivu huweza kuvunjika mguu katika kasi kubwa na kumwangusha mpandaji wake.

Zawadi na kamari

Katika Afrika Mashariki, makao ya mbio za thorobredi ni uwanja wa Ngong jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954, chini ya Jockey Club of Kenya. Kama ilivyo kwingineko, dau la watazamaji ni sehemu ya shughuli hiyo, na dau ndilo linalomfanya mtu anufaike hata kwa farasi kuzuiwa asishinde.

Sheria ya Kiislamu, inayofuatwa na wengi wa wakazi wa Unguja, ililiona tatizo hilo mapema. Hadithi mashuhuri inaruhusu zawadi katika mashindano ya farasi, ngamia na kurusha mishale. Wanazuoni hutofautisha zawadi iliyotolewa na mtu asiyeshindana na fedha zilizowekwa na washindani wenyewe ili mmoja azichukue zote. Hiyo ya pili wengi wao huihesabu kuwa kamari, isipokuwa akiingizwa mshindani mwingine asiyetoa chochote na mwenye uwezo wa kushinda.

Bei ya usafi

Daftari lililofungwa lina gharama zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa ndoa za karibu miongoni mwa thorobredi zimekuwa zikiongezeka, na kwamba farasi 97 kati ya kila 100 waliochunguzwa walikuwa na Northern Dancer, dume aliyezaliwa Canada mwaka 1961, miongoni mwa mababu zao. Mwaka huo huo Marekani ilipitisha kikomo cha majike 140 kwa dume mmoja kwa mwaka, lakini kanuni hiyo ilifutwa mwaka 2022 baada ya kupingwa mahakamani.

Aidha, vinasaba vimelikagua daftari lenyewe. Utafiti wa mwaka 2002, uliochunguza vinasaba ambavyo mtoto huvirithi kwa mama peke yake, ulibaini kuwa baadhi ya koo zilizoandikwa zamani Uingereza hazikulingana na damu ya vizazi vyao. Makosa hayo yalibainika kwa kufuata njia ile ile ambayo Waarabu wa jangwani waliihesabia nasaba ya farasi wao: upande wa mama.