Mazingira Jumuishi ya Kuundia Programu za Java

Mazingira jumuishi ya kuundia programu ni programu moja inayokusanya zana anazozihitaji mtu anayetengeneza programu nyingine. Kifupisho chake cha kimataifa ni IDE. Ndani yake mna kihariri cha kuandikia msimbo, kompaila ya kuugeuza msimbo huo uwe baitikodi inayotekelezwa na mashine pepe ya Java, na kitatuzi cha kufuatilia hitilafu mstari kwa mstari. Bila mazingira hayo, msimbo huandikwa katika kihariri cha kawaida, kisha amri za javac na java huchapwa kwa mkono.

Kuitafsiri IDE kuwa “mazingira ya maendeleo” hupotosha, kwa sababu msomaji wa Kiswahili akisikia maendeleo hufikiria barabara, shule na hali ya maisha. Kauli ya kutendea hufaa zaidi, maana ndiyo inayotajia zana: kalamu ya kuandikia, jembe la kulimia, mazingira ya kuundia. Neno jumuishi nalo hubainisha kwamba zana hizo hupashana habari: kosa likigunduliwa, hupigiwa mstari mwekundu papo hapo ndani ya kihariri.

Faida yake huonekana hata katika programu ndogo ya kuhesabu kilo za majani mabichi ya chai, hesabu inayojulikana vyema na wakulima wa Roret, Kaunti ya Kericho. Mwanafunzi akitangaza kigeu cha kilo kuwa cha aina ya int, yaani namba kamili, kisha akakipa thamani ya 12.5, huonywa kabla programu haijaendeshwa, kwa kuwa int haibebi desimali. Kosa jingine hujificha zaidi. Mkulima amepeleka kilo 25 kwa siku 2, na vigeu vyote viwili ni vya int. Java ikigawanya kilo kwa siku hupata 12, hata kama jibu linawekwa katika kigeu cha double, na kompaila hailalamiki. Kitatuzi kikisimamisha programu baada ya mstari huo, 12.0 huonekana mahali palipostahili 12.5, na chanzo cha kosa hupatikana.

Java ilitolewa na Sun Microsystems mwaka 1995, na mazingira kadhaa yamekua pamoja nayo. NetBeans ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi mjini Prague. Leo inasimamiwa na shirika la Apache. Eclipse ilitolewa na IBM mwaka 2001, na mwaka huohuo JetBrains ikatoa IntelliJ IDEA. BlueJ ilibuniwa mahususi kwa wanaoanza: huchora madarasa ya Java kama visanduku na kumwezesha mwanafunzi kuunda kitu na kukijaribu bila kuandika programu nzima. Android Studio, iliyotangazwa na Google mwaka 2013 na kujengwa juu ya IntelliJ, ni ya programu za simu.

Kigezo cha kwanza cha kuchagua ni kumbukumbu ya kompyuta. Android Studio huhitaji angalau gigabaiti 8 za RAM, na kwenye kompyuta ya mtumba yenye gigabaiti 4 haitafaa. BlueJ ni nyepesi zaidi. Kigezo cha pili ni intaneti. Mazingira haya yakishapakuliwa hufanya kazi bila mtandao, jambo la maana kwa anayetegemea bando za simu, ingawa maktaba za nje hupakuliwa zinapohitajika mara ya kwanza. Cha tatu ni umeme: IntelliJ huhifadhi kazi yenyewe, hivyo umeme ukikatika ghafla kinachopotea ni kidogo.

Kigezo cha nne ni kazi iliyokusudiwa. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioandikwa kwa Java, ulianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Marekani na shirika la Partners In Health. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini Kenya, imejengwa juu yake. OpenMRS hujengwa kwa Maven, zana inayoeleza katika faili moja maktaba zinazohitajika na hatua za ujenzi. Kwa hiyo mmoja anaweza kutumia Eclipse na mwenzake IntelliJ, na wote wakapata matokeo yaleyale.

Anayeanza, hasa mwenye kompyuta dhaifu, aanze na BlueJ, kisha ahamie NetBeans au Eclipse. Mwenye gigabaiti 8 au zaidi atumie IntelliJ, na Android Studio isubiri mpaka misingi ya Java ieleweke. Kila mradi mkubwa na ujengwe kwa Maven au zana ya aina hiyo, ili kubadilisha mazingira kusivuruge kazi iliyokwisha kufanywa.