Kamera ya kwanza ya kidijiti (Kilosa na Mikumi)

Kamera ya kwanza ya kidijiti ni ile anayoinunua mtu anayeanza kujifunza upigaji picha, kwa kawaida bodi inayobadilishwa lenzi pamoja na lenzi moja au mbili. Wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, kazi za mpiga picha ni za aina mbili zisizofanana. Mjini Kilosa, kwenye bonde la mto Mkondoa, kuna harusi, vipaimara, maulidi na mahafali, na nyingi kati ya shughuli hizo hufanyika ndani, chini ya taa hafifu. Kusini mwake uko mji wa Mikumi na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilomita za mraba 3,230. Huko, kwenye mbuga ya Mkata, mwanga ni tele lakini mnyama yuko mbali. Kwa hiyo anayenunua aamue kwanza atapiga picha za nini, kisha achague lenzi, na bodi aichague mwisho.

Wengi huanza na bodi, na muuzaji huwavutia kwa megapikseli. Ukweli ni kwamba megapikseli 24 zinatosha kuchapa picha yenye upana wa sentimita 50 ikabaki kali. Fedha inayoongezwa ili kupata zaidi ya hapo ingenunua lenzi ya pili.

Kihisi, yaani sehemu inayopokea mwanga, huja kwa saizi mbalimbali. Kikubwa kinachotumiwa na wapiga picha wengi wa kulipwa kina milimita 36 kwa 24. Cha APS-C, kilichomo katika kamera nyingi za wanaoanza, kina takriban 23.5 kwa 15.6. Hicho kidogo ndicho kinachomfaa mwanafunzi wa Mikumi, na si kwa sababu ya bei tu: lenzi ya milimita 300 iliyowekwa juu yake huona eneo lile lile ambalo lenzi ya 450 ingeliona kwenye kihisi kikubwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Simba akiwa mita 50 kutoka garini, lenzi ya 18–55 inayouzwa pamoja na kamera, hata ikivutwa hadi mwisho, huchukua eneo lenye upana wa mita 21 hivi, na simba anabaki alama ya kahawia katikati ya nyasi. Ya milimita 300 huchukua upana wa mita 4 tu. Hapo manyoya ya shingoni yanaonekana. Ndiyo maana lenzi ya 70–300 au 55–250 ni ununuzi wa kwanza wa maana kwa anayelenga hifadhi. Lenzi ndefu hukuza pia mtikisiko wa mkono, kwa hiyo shata iwe 1/500 ya sekunde au kasi zaidi, injini izimwe, na lenzi ilazwe juu ya kifuko cha maharage kwenye dirisha la gari. Adhuhuri joto la ardhini huifanya hewa ya Mkata icheze, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hilo. Picha nzuri ni za asubuhi na jioni.

Ukumbini mambo hugeuka. Lenzi yenye tundu la f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 ya ile ya f/5.6, na lenzi za namna hiyo za milimita 35 au 50 ni miongoni mwa zilizo rahisi zaidi kwa bei. Ya 35 ni bora kwa anayeanza, kwa sababu ya 50 juu ya kihisi kidogo hubana mno sebuleni, mpaka mpiga picha agonge ukuta akirudi nyuma.

Kamera iliyokwishatumika si ya kudharauliwa. Tangu Canon na Nikon walete mifumo yao ya RF na Z isiyotumia kioo mwaka 2018, kamera za kioo (DSLR) zimeshuka bei na bado zinafanya kazi vizuri. Mnunuzi amulike tochi ya simu ndani ya lenzi kutafuta kuvu, ambayo huonekana kama utando wa buibui, kisha apige picha ya anga kwa f/16 ili madoa ya vumbi kwenye kihisi yajitokeze. Aangalie pia kama lenzi inaoana na bodi: lenzi za Canon EF huingia kwenye bodi za RF kwa adapta, lakini za RF haziingii kwenye bodi za EF. Bodi ndogo za Nikon kama D3500 hazina mota ya kulenga, hivyo lenzi za AF za zamani hulengwa kwa mkono.

Kiangazi, Juni hadi Oktoba, vumbi la hifadhini ni jingi na lenzi isibadilishwe gari likiwa linatembea na madirisha wazi. Masika adui ni unyevu. Kamera ikae kwenye kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Mgeni wa kawaida hupiga picha zake hifadhini bila shida. Filamu na picha za kibiashara huhitaji kibali, na droni hairuhusiwi bila kibali. Barabara kuu ya Dar es Salaam–Iringa hukata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na abiria wa basi huwaona twiga na pundamilia bila kulipa kiingilio. Shata ya 1/1000, lenzi ikisogezwa karibu kabisa na kioo cha dirisha bila kukigusa, huweza kuwanasa.