Kutoka Uhuru Park Hadi Lamu: Haki ya Kuyashtakia Mazingira

Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi kuomba ujenzi wa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park usimamishwe. Mradi ulikuwa wa Kenya Times Media Trust, kampuni yenye mkono wa chama tawala cha wakati huo, KANU. Jaji Dugdale aliitupa kesi. Mlalamikaji, alisema, hakuonyesha haki yake mwenyewe iliyovunjwa. Wa kuutetea umma mahakamani ni Mwanasheria Mkuu.

Kanuni hiyo ilirithiwa kutoka Uingereza, na hapa kwetu iliumiza. Mwanasheria Mkuu ni mshauri wa serikali, na mradi ulikuwa na baraka za serikali. Nani basi angemshtaki nani? Tena kadiri uharibifu ulivyowagusa watu wengi, ndivyo ilivyokuwa vigumu kwa mmoja wao kusema umemdhuru yeye hasa. Jengo halikujengwa, lakini bustani iliokolewa na kelele za wananchi na wafadhili waliojitoa, si na mahakama.

Tanzania, wakazi wa Tabata walifanikiwa katika kesi ya mwaka 1988. Mahakama Kuu iliizuia Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kumwaga taka mtaani kwao, ikaiamuru itafute dampo kwingine. Lakini wao walikuwa na moshi na uvundo majumbani mwao. Madhara yao hayakuhitaji kutafutwa. Hatua kubwa zaidi ilitoka kwenye kesi ya siasa. Katika shauri la Mchungaji Mtikila la mwaka 1993, Jaji Lugakingira alikubali kwamba raia anaweza kushtaki kwa manufaa ya umma bila kuthibitisha jeraha lake binafsi. Inasikitisha kwamba mwaka 2020 Bunge lilirekebisha sheria, likamtaka anayefungua shauri la haki za kikatiba aeleze kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe.

Kenya ilielekea upande mwingine. Sheria ya mazingira ya 1999 ilimruhusu mtu kushtaki hata kama hakupata hasara yoyote, na Katiba ya 2010, ibara ya 70, ikalitia nguvu hilo. Ndipo Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji, ulipoweza kupinga leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe iliyotolewa na NEMA, mamlaka ya mazingira. Safari hii ubishi haukuishia mlangoni. Baraza la Kitaifa la Mazingira lilichunguza namna wananchi walivyoshirikishwa: mikutano gani ilifanyika, lini, na watu walielezwa nini. Likaona kwamba mikutano iliyotajwa ilifanyika kabla tathmini ya athari haijakamilika, na ripoti ilipokuwa tayari wenyeji hawakupewa nafasi ya kutosha kuijadili. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ilifutwa.